Sikio, ubongo na miguu: kipandikizi cha usikivu kinamsaidiaje mzee kutembea?

Ukimwambia mtu wa Kampala kwamba kuna wazee wanaotembea vizuri zaidi baada ya kupandikizwa kifaa sikioni, huenda akacheka. Sikio na goti wapi na wapi? Mwingine hatacheka, atakuomba namba ya daktari, maana mama yake magoti yamemshinda tangu mwaka juzi. Na habari za namna hii zinapofika kwenye makundi ya WhatsApp huwa zimeshapoteza nusu ya maneno: kifaa cha masikio kinawarudisha wazee miguuni, basi, na picha ya bibi anayetabasamu.

Jambo lenyewe lina ukweli ndani yake. Kwa zaidi ya miaka 15 watafiti wamekuwa wakiona kitu kilekile: mzee asiyesikia vizuri hutembea polepole na huanguka mara nyingi kuliko mwenzake wa rika lake anayesikia. Hapo hakuna ubishi mkubwa. Ubishi uko kwenye swali linalofuata, kwamba ukimrudishia usikivu, je, mwendo nao unarudi? Unaweza kurudi kwa kiasi, lakini si kwa njia ambayo wengi wanaifikiria. Kipandikizi hakigusi mguu, wala hakitibu kiungo cha ndani ya sikio kinachotusaidia kusimama bila kuyumba. Kinachopunguza ni mzigo wa ubongo.

Mashine ya sikio na kipandikizi ni vitu viwili

Wengi wakisikia "kipandikizi" wanafikiria ile mashine ndogo inayoning'inia nyuma ya sikio la mzee, ila sasa imeshonewa ndani. Sivyo. Mashine ya kawaida ya sikio inapokea sauti, inaikuza, inaisukuma ndani ya tundu la sikio. Kazi iliyobaki inaachiwa sikio lenyewe. Kwa hiyo inamfaa mtu ambaye sikio lake la ndani limechoka lakini bado linafanya kazi.

Ndani kabisa, katika mfupa wa fuvu, kuna koklea: mrija mwembamba uliojiviringa mizunguko kama miwili na nusu, umejaa majimaji, na humo zimepangwa seli 15,000 hivi zenye vinyweleo. Sauti ikitikisa majimaji, vinyweleo vinapinda, seli zinatuma habari kwenye neva, neva inazifikisha kwenye ubongo. Kwa binadamu seli hizi zikifa hazioti tena. Zikifa chache, mashine ya kukuza sauti inatosha. Zikifa nyingi mno, hata ukuze sauti kiasi gani unakuwa unapiga hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

Kipandikizi cha koklea kinazipita hizo seli zilizokufa. Nje, nyuma ya sikio, kuna sehemu yenye maikrofoni na kompyuta ndogo. Inashikiliwa kichwani kwa sumaku. Chini ya ngozi daktari ameweka kipokezi, na kutoka hapo uzi mwembamba wenye vituo vya umeme, kati ya 12 na 22 kwa vifaa vingi, umeingizwa ndani ya koklea. Vituo hivyo vinagusa neva ya kusikia moja kwa moja kwa umeme mdogo sana. Majaribio ya kwanza ya kuamsha neva hiyo kwa umeme yalifanyika Paris mwaka 1957, daktari Graeme Clark akaweka kifaa cha vituo vingi kwa mgonjwa huko Melbourne, Australia, mwaka 1978, na kufikia 2022 vipandikizi zaidi ya milioni 1 vilikuwa vimewekwa duniani. Kuna pia kipandikizi cha mfupa, ambacho hupitisha mtetemo kwenye fuvu kwa mtu ambaye tatizo lake liko kwenye sikio la nje au la kati. Hicho tukiache, maana mazungumzo ya wazee na mwendo yanahusu zaidi kile cha koklea.

Jambo moja familia nyingi hazielezwi mapema: mtu hatoki chumba cha upasuaji akiwa anasikia. Kifaa huwashwa wiki kadhaa baadaye, kidonda kikishapona. Siku kinapowashwa, sauti za watu huwa nyembamba, za kimashine, na wengine hukata tamaa papo hapo. Ubongo unahitaji miezi ya mazoezi kujifunza kwamba mlio huu ndio sauti ya mke wangu. Ndiyo maana pia mtu aliyezaliwa kiziwi na kuzeeka bila kuwahi kusikia hapati faida kubwa kwa kuwekewa kifaa uzeeni. Ubongo wake haujawahi kujifunza lugha ya sauti. Mtu huyo ana lugha yake ya ishara, ambayo Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 imeitaja, na hana upungufu unaosubiri kisu cha daktari. Tunaomzungumzia hapa ni mzee aliyekuwa akisikia, kisha akapoteza.

Umri wenyewe si kizuizi. Watu wa miaka 80 na zaidi hupandikizwa. Daktari anaangalia moyo, mapafu, sukari na kama mwili unaweza kustahimili dawa ya usingizi.

Jirani wa koklea

Sasa tuje kwenye miguu. Koklea haikai peke yake mle ndani ya mfupa. Imeungana na kiungo kingine ambacho hakina habari na sauti hata kidogo: mifereji mitatu ya nusu duara, kila mmoja umeelekea upande wake, pamoja na vifuko viwili vyenye chembe ndogo za chokaa. Ukigeuza kichwa, majimaji ya mifereji yanabaki nyuma kidogo, na ubongo unajua umegeuka. Ukianza kutembea, ukisimama ghafla, ukiinama kuokota kitu, chembe za chokaa zinavutwa, na ubongo unajua chini ni wapi. Hiki ndicho kiungo cha msawazo. Majimaji yake na ya koklea yanawasiliana, na neva zao mbili zinasafiri pamoja hadi kwenye ubongo.

Ujirani huo ndio chanzo cha mkanganyiko mwingi. Watu husoma kwamba "sikio la ndani linahusika na msawazo", kisha wanahitimisha kwamba kipandikizi kikiwekwa kwenye sikio la ndani, msawazo utapona. Ni kinyume. Kipandikizi kinawekwa kwenye koklea, na mkono wa daktari unapita karibu sana na yule jirani. Kizunguzungu cha siku au wiki chache baada ya upasuaji ni jambo la kawaida. Baadhi ya wagonjwa hubaki na kiungo cha msawazo kilichodhoofika upande ule uliopasuliwa. Ubongo mara nyingi hujirekebisha kwa kutegemea sikio la pili, macho na nyayo, lakini kwa mzee marekebisho hayo huchukua muda na yanahitaji mazoezi. Kwa hiyo ukisikia mtu anauza kipandikizi kama tiba ya kizunguzungu, mwache aendelee na safari yake.

Hapa Uganda ujirani huu una sura nyingine ambayo tungeizungumza zaidi. Kuna dawa zinazoua seli za sikio la ndani. Jentamaisini, sindano inayotumika sana hospitalini kwa maambukizi makali, inaweza kudhuru kiungo cha msawazo hata kabla ya kusikia kuguswa. Streptomaisini na kanamaisini, sindano zilizotumika miaka mingi kwa kifua kikuu, ziliwaacha baadhi ya wagonjwa na uziwi wa kudumu. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani limeshauri kanamaisini isitumike tena kwa kifua kikuu sugu. Kwinini, ambayo kila familia ya huku inaijua, hufanya masikio yavume, ingawa mara nyingi hali hiyo hupita dawa ikiisha mwilini. Mzee anayeyumba na hasikii, kabla hujaanza kuhesabu miaka yake, muulize alichomwa sindano gani na lini.

Kwa nini kutosikia kunapunguza mwendo

Kama kipandikizi hakitibu kiungo cha msawazo, basi kinasaidiaje? Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe.

Busia, kando ya barabara ya kuelekea forodhani, utamkuta mzee anatembea na mjukuu wake. Malori yamepanga foleni, bodaboda zinapenya, na pembeni kuna mfereji usio na kifuniko. Mjukuu anasema, "Babu, tupite upande huu." Mzee anasimama. Anamgeukia kijana, anamtazama mdomoni. "Unasema?" Mjukuu anarudia, mzee anaitikia, wanaendelea. Hatua kumi mbele kijana anasema tena kitu, mzee anasimama tena. Mpita njia atadhani babu amechoka miguu. Miguu haijachoka. Hawezi kusikiliza na kutembea kwa wakati mmoja.

Kwa kijana, kutembea ni kama hakuna kazi. Anatembea huku anachapa ujumbe kwenye simu. Kwa mzee, kila hatua inahitaji kidogo usimamizi wa ubongo: hapa pana jiwe, hapa pana utelezi, inua mguu zaidi. Kusikiliza nako, kwa mtu anayepata nusu ya maneno, ni kazi ya ubongo kujaza mapengo kwa kukisia, kusoma midomo na kukumbuka sentensi ilianzaje. Ubongo wa mzee ni sigiri moja yenye makaa ya kutosha sufuria moja. Ukibandika ya pili juu yake, mojawapo haitaiva. Mzee mwenye busara anaepua ya kutembea kwanza, yaani anasimama ndipo asikilize. Asiyesimama ndiye anayekanyaga ukingo wa mfereji.

Hili si la kukisia. Mwaka 1997 watafiti wa Sweden walieleza kipimo ambacho hakihitaji hata mashine: walitembea na wazee 58 na kuwaanzishia mazungumzo njiani. Wazee 12 walisimama ili waweze kuzungumza. Katika miezi 6 iliyofuata, 10 kati ya hao 12 walianguka. Utafiti huo haukuwa wa masikio, ulikuwa wa uzee kwa jumla, lakini unaonyesha jinsi mazungumzo na hatua zinavyogombania akili ileile. Ongeza uziwi, na gharama ya kila sentensi inapanda.

Kifaa kinachofanya maneno yasikike vizuri, kiwe mashine ya kawaida au kipandikizi, kinapunguza gharama hiyo. Mzee hatumii tena nguvu zote kukisia, na kinachobaki kinaenda kwenye hatua. Hiyo ndiyo maana ya kusema kwamba msaada unapitia ubongoni. Miguu ni ileile, magoti ni yaleyale.

Kuna njia ya pili, ndogo zaidi. Sauti za mahali hutusaidia kujua tumesimama wapi. Redio kwenye kona, jenereta ya jirani, msikiti upande wa kushoto: hivi vyote havisogei, na ubongo huvitumia kama vigingi bila wewe kujua. Mwili hutegemea zaidi macho, kiungo cha msawazo na hisia za nyayo. Sauti ni msaidizi tu. Lakini mpe mzee mtoto wa jicho, sukari iliyoleta ganzi kwenye nyayo, na usiku umeme ukatike. Msaidizi anakuwa mtu muhimu ghafla. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis, Marekani, waliwapima wazee 14 wanaotumia mashine za masikio, wakiwasimamisha juu ya godoro la sponji macho yamefungwa, huku sauti ikichezwa chumbani. Mashine zikiwa zimezimwa walimudu kusimama wastani wa sekunde 17 hivi. Zikiwashwa, karibu 26. Watu 14 ni wachache mno kujengea nadharia nzima, lakini kwa kuwa kila mmoja alijaribiwa katika hali zote mbili, tofauti hiyo haipuuziki.

Sauti pia ni onyo. Barabara zetu nyingi hazina njia ya miguu, na bodaboda inaweza kuja kutoka nyuma upande wowote. Anayesikia anajisogeza kabla hajageuka. Asiyesikia anashtuka wakati imeshamgusa kiwiko, na mshtuko wenyewe unamwangusha. Sasa zimeingia pia bodaboda za umeme, ambazo hata sisi wenye masikio mazima zinatukuta zimeshafika.

Na njia ya tatu ndiyo inayochukua miaka. Mzee akichoka kuuliza "unasema?", anaanza kupunguza safari. Anaacha kwenda kwenye mikutano ya kijiji, anaacha harusi, halafu anaacha hata kwenda dukani, anatuma mtoto. Anakaa kwenye kiti mbele ya nyumba. Misuli ya mapaja isiyotumika huisha haraka sana kwa mtu wa miaka 75. Baada ya miaka miwili watu wanasema uzee umemwingia miguuni.

Je, si uzee tu?

Hilo ni swali la haki, na kila msomaji wa habari za afya angepaswa kuliuliza. Vitu viwili vinaweza kwenda pamoja bila kimoja kuzaa kingine. Sukari inaharibu mishipa midogo ya damu ya sikio na ya miguu pia. Shinikizo la damu vilevile. Pengine mzee hasikii na hatembei kwa sababu moja iliyo nyuma ya yote mawili.

Ushahidi wa mwanzo haukuweza kulijibu swali hilo. Mwaka 2012 Frank Lin wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na Luigi Ferrucci wa Taasisi ya Taifa ya Uzee ya Marekani walichambua takwimu za Wamarekani 2,017 wa miaka 40 hadi 69. Waliopoteza desibeli 25 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ambao ni upungufu mdogo tu, walikuwa na uwezekano karibu mara tatu wa kusema kwamba walianguka ndani ya mwaka uliopita, na kila desibeli 10 zilizozidi ziliongeza uwezekano huo mara 1.4. Miaka mitatu kabla ya hapo, watafiti wa Finland waliowafuatilia wanawake wazee waligundua kwamba wasiosikia vizuri walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata shida mpya ya kutembea kilomita 2 ndani ya miaka 3. Yote hayo yanaonyesha kuandamana, na watafiti walijitahidi kuondoa athari ya umri na magonjwa kwa hesabu, lakini hesabu haiondoi kila kitu.

Njia ya uhakika zaidi ni kugawanya watu kwa bahati nasibu, nusu wapewe kifaa na nusu wasipewe, halafu usubiri. Hilo lilifanyika Marekani: wazee 977 wa miaka 70 hadi 84 wenye usikivu hafifu, nusu yao wakapewa mashine za masikio na ushauri wa wataalamu, nusu wakapewa masomo ya kuzeeka kwa afya. Walifuatiliwa miaka 3. Lengo kuu lilikuwa kumbukumbu na akili, na kwa kundi zima tofauti haikuonekana. Ilionekana kwa wale waliokuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya akili kudhoofika. Lakini walipohesabu kuanguka, waliopewa mashine walikuwa wameanguka mara chache zaidi, pungufu ya karibu robo. Kwa maoni yangu huo ndio ushahidi mzito kuliko wote tulio nao, na angalia vizuri: ni wa mashine za kawaida, si wa vipandikizi.

Kwa vipandikizi hali ni ya ukungu zaidi. Tafiti zake ni za vikundi vidogo, na majibu hayafanani. Baadhi zimewaona watu wakisimama imara zaidi kifaa kikiwa kimewashwa kuliko kikizimwa. Nyingine hazikuona tofauti. Nyingine zimeona msawazo ukidhoofika baada ya upasuaji kwa baadhi ya wagonjwa. Ukifikiria yale tuliyokwisha kusema kuhusu jirani wa koklea, hili halishangazi: faida inaingia kwa mlango wa ubongo, hasara inaweza kuingia kwa mlango wa kiungo cha msawazo, na kila mgonjwa anabaki na hesabu yake. Mzee ambaye kiungo chake cha msawazo kilikuwa kimeshakufa siku nyingi hana cha kupoteza upande huo. Ambaye kilikuwa kinafanya kazi, na hasa ikiwa sikio lile ndilo lililokuwa likimshikilia, ana cha kupoteza. Ndiyo sababu daktari makini hupima masikio yote mawili kwa msawazo kabla ya kuamua upande wa kupasua, na ndiyo sababu mazoezi ya mwendo baada ya upasuaji yana uzito uleule na mazoezi ya kusikia.

Kwa mzee wa hapa kwetu

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 430 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji huduma, na karibu asilimia 80 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa waliovuka miaka 60, zaidi ya mmoja kati ya kila wanne yumo. Wengi wa wazee hao hawahitaji kipandikizi kabisa. Upungufu wao ni mdogo au wa wastani, na mashine ya kawaida inawatosha. Kipandikizi ni cha yule ambaye hata akivaa mashine nzuri iliyorekebishwa vizuri bado haelewi maneno.

Nasema hivi mapema kwa sababu ya pesa. Kipandikizi na upasuaji wake ni makumi ya mamilioni ya shilingi, na baada ya hapo kuna betri, nyaya zinazokatika na safari za kurudi kurekebishwa. Posho ya serikali ya wazee, SAGE, kwa waliotimiza miaka 80, ni shilingi 25,000 kwa mwezi. Familia inayouza shamba ili mzee apate kipandikizi kwa matumaini kwamba ataacha mkongojo inapaswa kukaa chini na daktari kwanza na kuuliza, kwa maneno hayahaya, kama ni kusikia kunakotafutwa au ni kutembea. Kama ni kutembea peke yake, upasuaji wa sikio si mahali pa kuanzia.

Mahali pa kuanzia pana bei nafuu zaidi. Mwangalie masikio. Nta iliyoziba inaweza kumfanya mzee aonekane kiziwi, na inatolewa kwa dakika chache na mhudumu aliyefundishwa. Usiitoe kwa pini, kijiti wala mafuta ya moto, na usimwagie chochote sikio linalotoa usaha, kwa sababu kiwambo huenda kimetoboka. Mpeleke apimwe usikivu, kisha macho, sukari na shinikizo la damu. Kitengo cha masikio, pua na koo kipo hospitali ya Mulago, Kampala, na katika baadhi ya hospitali za rufaa mikoani. Kama ana mashine iliyolala kwenye droo, na mashine nyingi huishia huko, tafuta sababu: betri zimekwisha, au ilinunuliwa dukani bila kupimwa na inampigia kelele tu. Uvumilivu wa wiki za kwanza nao unahitajika, maana sufuria zinapogongana jikoni zinasikika kama risasi kwa mtu aliyekaa kimya miaka kumi.

Na mkitembea naye, mshikeni upande wa sikio linalosikia vizuri, na mzungumze mkiwa mmesimama. Hili halina gharama.

Kwa mzee aliyekwisha kuwekewa kipandikizi, au anayejiandaa, kuna mambo machache ya kumwambia daktari bila kusubiri kuulizwa: kama amewahi kuanguka mwaka huu, kama huyumba gizani, kama aliwahi kuchomwa zile sindano. Aulize kuhusu chanjo ya nimonia, kwa sababu wenye vipandikizi wana hatari kubwa kidogo ya homa ya uti wa mgongo. Awaambie watu wa mionzi kwamba ana sumaku kichwani kabla hajaingizwa kwenye mashine ya MRI. Na betri za nje zichajiwe usiku, umeme ukiwepo. Akitoka nyumbani kifaa kikiwa kimezimika, anarudi barabarani kama alivyokuwa kabla ya upasuaji, huku akiwa na mazoea ya mtu anayesikia.

Kipimo cha mwendo chenyewe mnaweza kukifanya nyumbani. Weka kiti kisichoyumba, pima mita 3 sakafuni na uweke alama. Mzee akae, ainuke, atembee hadi kwenye alama kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi, akae. Mtu asimame karibu naye, mwingine ashike saa ya simu. Sekunde 12 au zaidi ni dalili kwamba yuko kwenye hatari ya kuanguka. Rudia mashine ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa, kisha rudia akiwa anazungumza nanyi njiani. Andikeni sekunde zote kwenye lile daftari lake la hospitali, pamoja na tarehe, na mpelekeeni daktari safari ijayo, kisha mrudie kipimo hicho baada ya miezi mitatu.